Sitini na Nane ya Bwana Fonseca

Mwaka 1989, siku ya saba ya mwezi wa Ramadhani, niliambiwa mbele ya wafanyakazi kumi na wawili kwamba ninaiba dakika za kampuni ili niwahi kufuturu. Aliyeniambia alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza, na aliniambia kwa adabu, jambo lililonichoma kuliko kama angenitukana. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja. Katika miaka hiyo nilikuwa nimekosa mengi, shule ikiwa la kwanza, lakini hakuna mtu wa Likoni wala wa Changamwe aliyewahi kunikuta na kitu kisicho changu.

Kazi yetu ilikuwa kupiga picha mabomba. Kampuni ilipewa kandarasi ya kukagua mabomba mapya ya mafuta yaliyotandazwa Changamwe, upande wa Chaani. Mafundi wa kuchomea waliunganisha bomba na bomba kwa moto, na sisi tulifuata nyuma yao kutazama kama kiungo kimeshika sawasawa au kimebaki na tundu ndani. Jicho halioni ndani ya chuma. Kwa hiyo tulikuwa na kisanduku kizito ajabu, cha kubebwa na wanaume wawili, na ndani yake mlikuwa na kipande cha madini kisichozidi punje ya mtama. Madini yale yalitoa mionzi. Ukiyasukuma nje kwa waya mrefu, mionzi ilipenya bomba na kuacha kivuli cha kiungo kwenye filamu iliyofungwa upande wa pili. Ukiyavuta ndani tena, kuta za kisanduku ziliizuia.

Sisi tulikiita kile kipande mwari. Kilikaa ndani siku nzima, kilitoka kidogo kwa shughuli maalumu, na asiyehusika hakuruhusiwa kukisogelea.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Fonseca, Mgoa wa Mombasa, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Alikuja kutafuta mtu wa kuhesabu muda wa mwari kukaa nje baada ya mkasa mmoja. Aliyekuwa akihesabu zamani alitumia saa, na mtu anayetazama saa hatazami kamba ya kuzuia wapita njia. Siku moja mama mmoja mwenye ndoo kichwani aliivuka kamba yetu ya hatari huku mwenye saa ameinama. Fonseca alimrudisha mwari ndani kabla mama yule hajafika karibu. Kisha akauliza ni nani anayeweza kuhesabu bila kutazama chochote.

Nikamwonyesha tasbihi yangu. Nilikuwa nikivuta Subhanallah kila baada ya Alfajiri tangu ujana, na mwendo wangu ulikuwa umekaa vidoleni kama mwendo wa miguu. Fonseca alinipima mara kumi kwa saa yake. Kila dakika nilivuta punje thelathini, na katika mara zote kumi sikuzidisha wala kupunguza zaidi ya punje moja. Kuanzia siku hiyo nilisimama penye kamba, macho kwenye njia, tasbihi mkononi. Mwari alipotoka nilianza, hesabu ilipotimia nilisema "Rudisha." Sikuona ubaya wowote. Mkono ulikuwa kazini na ulimi kwa Mola.

Hesabu yenyewe Fonseca aliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa gari letu kila Jumatatu asubuhi. Mwari mpya alipoletwa kutoka ng'ambo, tarehe tano Desemba, aliandika arubaini. Jumatatu iliyofuata, arubaini na tatu. Kisha arubaini na sita. Iliendelea kupanda hivyo hivyo, na mimi sikuuliza. Nilidhani ni unene wa mabomba. Tarehe thelathini Januari aliandika sitini na nane, na siku ya pili akaondoka kwenda Bombay kufanyiwa upasuaji wa macho. Alisema atarudi baada ya majuma sita. Ikawa zaidi.

Kazi akaachiwa Kenga, kijana wa Mtopanga, aliyekuwa akimsafishia Fonseca filamu kwa miaka minne. Alikuwa hodari gizani kwenye filamu zake, hodari wa kuzungusha mpini wa waya wa kumtoa mwari, na alijua sheria za kamba, za mita inayolia penye mionzi na za beji za kupima mionzi tulizovaa kifuani. Lakini jinsi Fonseca alivyoipata namba yake ya Jumatatu, hilo Fonseca alikuwa nalo kichwani na kwenye mkoba wake, na mkoba ulikwenda Bombay. Sitini na nane ikabaki mlangoni. Hakuna aliyesema isifutwe. Ilipofifia, Kenga aliipitia kwa chaki juu ya mwandiko ule ule wa bwana wake.

Filamu zikaanza kufifia nazo. Mwanzoni Kenga aliziacha kwenye dawa muda mrefu zaidi, zikapita. Machi aliziacha zaidi, zikapita kwa shida. Aprili mkaguzi wa wenye mabomba alikataa filamu za wiki nzima. Alisema anaona kiungo kama kiko nyuma ya pazia, na kwamba yeye hatii sahihi kwenye pazia. Wiki ile ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani.

Namwelewa Kenga sasa, na hata wakati ule nilimwelewa kidogo. Alitafuta kitu kilichobadilika. Bomba lilikuwa lile lile, filamu za kampuni ile ile, namba ile ile. Kilichobadilika ni mimi, Mwidani Boga, niliyekuwa nikila mchana na sasa nimefunga.

Ijumaa ile aliwakusanya watu kando ya gari saa nane za mchana, kabla hatujaanza.

"Mzee Mwidani," alisema, "mimi siilaumu funga yako. Lakini mtu mwenye njaa hesabu yake hukimbia, hata mwenyewe asijue."

Nilimwuliza imekimbia tangu lini.

"Tangu mwezi uandame. Filamu ndizo zinazosema, si mimi."

Hapo Tsofa, fundi wa kuchomea mwenye ulimi mrefu kuliko waya zake, akaongeza la kwake. "Subhanallah ya mzee siku hizi ina magurudumu. Inawahi mahamri."

Watu wakacheka. Kenga hakucheka. Alisema Jumatatu itakuwa siku yangu ya mwisho penye kamba. Jumanne nitahamia langoni kulinda, na ofisi itapata barua yenye sababu. Alinisomea sababu yenyewe, maana hakutaka kunificha: kutokuwa mwaminifu katika hesabu.

Lango lisingeniua. Mshahara wa lango ulikuwa karibu sawa na wa kamba. Nilichokiogopa ni ile barua. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na nne, kwenye ngumbaro, darasa la watu wazima, nikiwa nimekaa kwenye dawati la watoto magoti yakigusa kidevu. Sikujifunza kusoma ili jambo la kwanza kuandikwa juu yangu ofisini liwe lile.

Nikamwambia anipime pale pale. Akatoa saa yake, nikavuta sitini na nane. Ikasoma dakika mbili na sekunde kumi na sita, kama nilivyokuwa nikifanya kwa Fonseca.

"Leo unajua unatazamwa," akasema Kenga.

Kwa jibu lile hakuna kipimo ambacho kingenisafisha. Nikafanya kazi ya siku ile, nikapanda feri kurudi kwetu Likoni.

Baada ya futari nilimweleza mke wangu, Mwanatabu. Alinisikiliza huku akikusanya vyombo. Kwanza alisema niende langoni nikae kitini, miguu ipumzike. Nilipomweleza habari ya barua akaweka sinia chini.

"Kwenye kazi ile mko watatu," alisema. "Wewe, Kenga na huyo mwari wenu. Wewe umepimwa. Kenga anafanya alivyofanya siku zote. Mbona hamumwulizi mwari?"

Alisema kwa mzaha, lakini maneno yake hayakunitoka. Asubuhi ya Jumamosi nilitoa daftari langu la fizikia.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa masomo ya jioni, nikijitayarisha kufanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na vijana niliowazidi miaka thelathini. Mwalimu wetu alikuwa Nyamvula, binti wa miaka ishirini na sita aliyetoka chuo, na somo la mwezi wa Machi lilikuwa madini yatoayo mionzi. Hakuwa na vifaa. Alituletea vifuniko vya soda mia moja alivyookota madukani, akavitikisa ndani ya kikapu na kuvimwaga sakafuni. Vilivyolala kifudifudi tuliviondoa. Vikabaki hamsini na tatu. Tukavimwaga tena, vikabaki ishirini na saba. Tena, vikabaki kumi na viwili. Nilimwuliza ni kipi kitakachoondoka safari nyingine. Akasema hakuna ajuaye, wala hapana sababu ya kuondoka hiki badala ya kile. Lakini vikiwa vingi, karibu nusu yake huondoka kila unapovimwaga. Ndivyo zilivyo atomu za madini yale, alisema. Kila moja hutoa mionzi yake mara moja ikabadilika kuwa kitu kingine, na haitoi tena mionzi ile. Kila aina ya madini ina muda wake wa kupungua nusu. Mengine ni kufumba na kufumbua, mengine ni maelfu ya miaka. Muda huo haubadiliki kwa joto, wala kwa baridi, wala kwa kufungiwa sandukuni.

Jaribio la somo lile nilipata alama kumi na tisa kwa ishirini. Na kwa majuma matano nilisimama karibu na kisanduku kile bila kufikiri kwamba nilichosomea ndicho kilichomo. Nilikuwa nimesoma habari za jirani yangu bila kujua ni jirani yangu.

Nikaandika kwenye ukurasa mtupu namba za Fonseca kama nilivyozikumbuka: arubaini, arubaini na tatu, arubaini na sita, na kuendelea hadi sitini na nane. Unene wa bomba haupandi kila Jumatatu kwa mpango kama ule. Nilipogawanya kila namba kwa iliyotangulia, jibu lilikuwa karibu lile lile kila mara. Kila juma mwari alipungukiwa nguvu kidogo, na kila juma Fonseca alimwongezea muda kidogo wa kukaa nje, ili filamu ipate haki yake. Fonseca alipoondoka, mwari hakuacha kupungua. Sisi ndio tulioacha kuongeza.

Ilibaki kujua muda wake wa nusu. Jina lake nililijua, maana lilichongwa kwenye kibati cha kisanduku na mimi husoma kila kilichoandikwa: iridiamu, mia moja tisini na mbili. Kitabu changu hakikuwa nalo. Jumapili nilimfuata Mwalimu Nyamvula kwao, alipotoka kanisani.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja na swali ambalo halimo kwenye mtihani."

Alitoa kitabu chake cha chuo, akapitisha kidole kwenye orodha ndefu. Siku sabini na nne. Akanitazama nilivyokuwa nikihesabu siku kwenye kalenda yao ya ukutani, kuanzia thelathini Januari, na aliponiona nimesita akachukua kalamu akahesabu na yeye. Siku ya sabini na nne ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nne Aprili. Siku ile ile niliyoitwa mwizi wa dakika, mwari alikuwa na nusu kamili ya nguvu alizokuwa nazo Fonseca alipoandika namba yake ya mwisho. Kwa Jumatatu, tarehe kumi na saba, hesabu ilitoa punje mia moja na arubaini. Mwalimu aliipitia mara mbili, akasema sina kosa. Nilijua sina, lakini nilishukuru.

Jumatatu nilifika Changamwe mapema, nikamkuta Kenga peke yake akichanganya dawa. Nikamwekea daftari mbele yake na kumweleza yote, polepole, kama nilivyoelezwa mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautazama mlango wa gari.

"Ile namba ni ya Bwana Fonseca," akasema.

"Ni ya Bwana Fonseca ya tarehe thelathini Januari."

Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Kumwacha mwari nje mara mbili ya muda, alisema, si ni hatari mara mbili kwetu na kwa wapita njia? Nikamjibu kwamba mwari mwenye nusu ya nguvu, akikaa nje mara mbili, anatoa jumla ile ile aliyotoa Januari, na kamba yetu iko pale pale ilipokuwa Januari. Mita yake mwenyewe ingemwambia hivyo. Akaitoa, akaisoma karatasi ya vipimo vya Januari, na mchana ule mwari alipotoka mara ya kwanza alisoma mita penye kamba. Ilikuwa nusu, na pungufu kidogo. Kwa miezi miwili na nusu alikuwa akiridhika kuiona iko chini. Hakuwa amejiuliza kwa nini.

"Na ukiwa umekosea, mzee?" aliniuliza, mita ingali mkononi.

"Barua unayo. Ongeza mstari mwingine useme ni mjuaji pia, na mimi mwenyewe nitatia sahihi chini."

Tukakubaliana hivi: kiungo kimoja, filamu mbili. Ya kwanza sitini na nane, ya pili mia na arubaini, zote zisafishwe kwa muda wa dawa wa kawaida bila kuzidisha. Kenga aliishika saa yake mwenyewe huku akizungusha mpini. Tsofa, kwa kuwa kiungo kilikuwa chake, alikuja kusimama upande wa pili wa kamba aone mzee anavyoumbuka. Nilivuta tasbihi kwa mwendo wangu. Katika ile ya pili niliposema "Rudisha," Kenga aliitazama saa, akasema dakika nne na sekunde arubaini na moja.

Alikaa ndani ya gari kwenye giza lake kitambo. Tulisimama nje, Tsofa akipiga mluzi. Mlango ulipofunguka Kenga alikuwa na filamu mbili zinazodondoka maji, akazibandika juu ya kioo chenye taa. Ya kwanza ilikuwa pazia lile lile. Ya pili ilikuwa nyeusi ya kuiva, kiungo kimejitokeza kama mshono wa kanzu, na zile nyaya nyembamba tunazoweka kupima uzuri wa picha zilihesabika zote mpaka ya mwisho.

Na katikati ya kiungo palikuwa na kitone cheusi cha mviringo.

"Hicho nini?" Tsofa aliuliza.

"Tundu," Kenga akasema. "La kwako."

Tsofa alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mluzi ulikuwa umekwisha. Kenga akaitazama filamu ile ya kwanza, ambayo tundu lile lile halikuonekana kabisa, na nikaona uso wake ukibadilika. Hakuwa akinifikiria mimi tena. Alikuwa akifikiria filamu zote za Machi alizozipitisha kwa kuzilaza kwenye dawa, na mafuta yatakayopita ndani ya mabomba yale, na nyumba za Chaani zilizo kando yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba tutapiga upya kila kiungo tangu siku ya kwanza ya Februari. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi.

Kisha akatoa barua mfukoni akaipasua. Nilimwacha aipasue, halafu nikamwambia kwamba shida yangu haikuwa karatasi tu. Maneno yale aliyasema mbele ya watu kumi na wawili, na watu hawapasuki.

"Nimekuelewa," akasema.

Jumanne mchana, kabla hatujaanza kazi, aliwakusanya wale wale mahali pale pale. Nilimwangalia akipangusa jasho, kijana wa watu, akitafuta pa kuanzia. Hakuzunguka. Alisema Mwidani hakuwahi kukosa hata punje moja, kwamba aliyekosa ni yeye, na kwamba alimdhania mtu vibaya kwa sababu ya ibada yake, na mama yake hakumlea hivyo. Alisema tangu leo namba ya mlangoni itabadilika kila Jumatatu, na atakayeipiga hesabu ni mimi, yeye akiikagua. Tsofa aliinua mkono akasema na yeye anaomba radhi, lakini anaomba pia nisiwe nikipiga picha viungo vyake kwa bidii namna hiyo. Watu wakacheka, na safari hii nilicheka nao.

Lakini hesabu ni hesabu hata kwa aliyeipata. Tulikuwa na viungo kumi kwa siku, picha tatu kila kimoja. Kwa sitini na nane tulikuwa tukimaliza saa kumi na moja na theluthi, nami nilifika Likoni kabla ya jua kutua. Kwa muda mpya kila picha ilizidi dakika mbili na nusu kasoro, na picha thelathini zikala zaidi ya saa nzima. Ramadhani ile sikufuturu tena nyumbani siku ya kazi. Mwanatabu alinifungia tende na mkate wa sinia kwenye kikopo, akasema ndiyo malipo ya ujuzi.

Jioni ile ya Jumanne tulifika kiungo cha kumi jua limezama nyuma ya matangi. Kenga alimtoa mwari kwa picha ya thelathini. Nilikuwa nimefika themanini na sita pale adhana ya Magharibi ilipotoka upande wa Chaani. Tsofa, aliyekuwa amebaki bila kuambiwa abaki, alinyoosha kikombe cha maji kuelekea kwangu kutoka nyuma ya kamba. Kenga, mkono kwenye mpini, aliniita kwa sauti ya chini. Alisema nifungue saumu, yeye ataendelea kuhesabu kwa saa yake.

Niliyaweka macho kwenye njia. Mwanamke mmoja na watoto wawili walikuwa wakija kutoka dukani, wakasimama walipoiona kamba. Themanini na saba. Themanini na nane. Nilikwenda kwa mwendo wangu mpaka mia moja na arubaini, wala sikuharakisha hata punje moja.

"Rudisha."

Kenga akazungusha. Mita ikatulia. Tukaishusha kamba ili yule mama apite na wanawe, kisha nikakipokea kikombe cha Tsofa.